Ufunguo wa Chumba cha Ngoma



Hapa Kimanga jua halizami ziwani. Linachomoza upande wa Burundi, juu ya maji, na jioni linatuacha mapema, likijificha nyuma ya milima ya Mitumba wakati watu wa ng'ambo bado wana mwanga wao. Kwa wengi hilo ni jambo la kupendeza tu. Kwetu sisi tunaoandika ukurasa huu, kivuli kile kinachoshuka mlimani kilikuwa kengele. Kilipofika barabarani, miguu yetu ilijua yenyewe pa kwenda: kwenye bia kama mfuko uliruhusu, kwa mama auzaye kasiksi kama haukuruhusu sana, na kwenye lotoko au kanyanga kama haukuruhusu kabisa.

Siku hizi, kila Alhamisi, kivuli hicho kikishuka tunakwenda katika chumba kilicho nyuma ya kanisa la parokia yetu, ambamo vijana huweka ngoma zao. Tuko kumi na mmoja tukitimia, na si mara nyingi tunatimia. Kuna wavuvi, mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi, mama aliyekuwa akipika kasiksi na kuimaliza kabla ya wateja kufika, na kijana abebaye abiria kwa pikipiki, ambaye ni mdogo kuliko baadhi yenu mnaosoma. Tunaandika kwa "sisi" kwa sababu desturi yetu ni kwamba jina la mtu halitoki nje ya mlango. Tena makosa tutakayoyasimulia, ingawa yalianza kwa mmoja, tuliyafanya wote.

Huwa tunaulizwa swali moja na vijana, na wakati mwingine na wake na waume zetu. Mtu aliyeacha pombe miaka mitatu iliyopita ana haja gani ya kurudi kila juma kufagia chumba, kuchota maji, kupanga mabenchi na kuketi karibu na mlevi mpya anayenuka? Si ameshapona? Sisi hatujui kupona kwa namna hiyo. Yako maradhi ambayo mtu akimeza dawa yake siku saba, husahau kwamba aliwahi kuugua. Ulevi haumo katika hayo. Hukaa nje ya mlango ukisubiri, na tumejifunza, kwa kuanguka zaidi kuliko kwa kufundishwa, kwamba mtu asiye na kazi ya kumfanyia mwenzake huwa wa kwanza kwenda kuufungulia.

Mzee aliyetuanzishia jambo hili aliishi Nairobi katika miaka yake ya ukimbizi. Huko aliketi katika mikutano ya undugu ambao kwa Kifaransa huitwa Alcooliques Anonymes, yaani walevi wasiotaja majina yao. Aliporudi Uvira hakuleta fedha wala vitabu. Alileta hatua kumi na mbili alizozishika kichwani, pamoja na desturi moja iliyotuudhi sana. Mtu mpya akija, hata kama mikono yake inatetemeka, mzee humpa kazi siku hiyohiyo. "Wewe, baba, utatuletea maji Alhamisi ijayo." Mwalimu wetu alikasirika. Alikuwa amekuja kusaidiwa, akatumwa kama mtoto! Alirudi Alhamisi iliyofuata akiwa na hasira ileile na bidoni la lita ishirini, ili kumwonesha mzee kwamba yeye si mtu wa kudharauliwa. Mzee akamshukuru, akachemsha chai. Baadaye sana mwalimu alitueleza kwamba ile ilikuwa Alhamisi ya kwanza katika miaka minne aliyoimaliza bila kunywa, kwa kuwa bomba la mtaa wao hutoa maji saa linayotaka lenyewe, na mlevi hawezi kulinda nafasi yake katika foleni.

Mzee alikuwa na habari moja ya kutueleza sababu, na kwa kuwa ni ya kweli tunawasimulia. Mwezi wa Desemba 1934, mfanyabiashara mmoja wa New York, Bill Wilson, aliacha pombe akiwa hospitalini, baada ya kushindwa mara nyingi. Akashikwa na ari ya kuwaokoa walevi wengine. Kwa miezi kadhaa aliwafuata, akawahubiria, akawakaribisha hata nyumbani mwake, na hakuna aliyeacha. Alipokata tamaa, mkewe Lois alimkumbusha jambo ambalo yeye hakuliona: katika muda wote ule yeye mwenyewe hakuwa amekunywa.

Mei 1935 alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, ambako biashara iliyompeleka ilikuwa imeharibika. Alisimama katika ukumbi wa hoteli iitwayo Mayflower, mfuko ukiwa karibu mtupu. Upande mmoja alisikia vicheko vya baa, upande mwingine aliona simu. Alijua kwamba yu karibu kuanguka. Ndipo akaelewa kwamba anamhitaji mlevi mwingine, si ili amwokoe, bali ili yeye mwenyewe asinywe. Akampigia simu mchungaji mmoja wa mji ule, kisha watu wengine, mmoja baada ya mwingine, mpaka akapata njia. Kesho yake, tarehe 12 Mei, akakutanishwa na daktari mpasuaji, Bob Smith, ambaye pombe ilikuwa inaimaliza kazi yake, na ambaye alikubali kumsikiliza kwa robo saa tu. Walizungumza zaidi ya saa tano. Daktari Bob alianguka mara moja tena, kisha akanywa bia yake ya mwisho tarehe 10 Juni 1935. Siku hiyo ndiyo undugu ule unaihesabu kuwa mwanzo wake. Angalieni vizuri ni nani aliyekuwa na shida siku ile: ni yule aliyepiga simu.

Kuna sehemu nyingine ambayo mzee hakuijua, tuliisoma wenyewe, na inatugusa sisi Wakatoliki. Walevi hawakutakiwa hospitalini. Walipiga kelele na hawakulipa. Mwaka 1939, Daktari Bob alipohitaji kitanda, aliyempokelea mgonjwa ni mtawa mdogo wa mwili aliyekuwa akiandikisha wagonjwa katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas, Sista Ignatia. Hadi daktari alipofariki mwaka 1950, walikuwa wamehudumia pamoja walevi wapatao 5,000, na daktari hakuwatoza malipo yake. Mgonjwa alipotoka, Sista alimpa beji ndogo ya Moyo Mtakatifu wa Yezu, akamtaka aahidi kwamba, kabla ya kunywa tena, atakuja kwanza kuirudisha mkononi mwake. Tunapenda sana ujanja ule wa Sista. Ni vigumu kumtazama mtu machoni na kumrudishia kitu kama kile.

Wala msidhani ni mambo ya Wazungu. Kule Zanzibar, ambako heroini imewameza vijana wengi, ziko nyumba za kupatia nafuu, ambazo watu huziita soba hausi, na waliozianzisha na kuziendesha ni watu waliowahi kutumia dawa hizo wenyewe. Wengi wao ni Waislamu. Hatua wanazozifuata ni zilezile kumi na mbili, na hatua ya mwisho ni ileile ya kumpelekea mwingine kile ulichopewa.

Sisi hatuna nyumba wala beji. Tuna chumba cha kuazima, birika, mabenchi manne na ufunguo mmoja. Huduma zetu ni ndogo hata tunaona haya kuziandika. Mmoja huleta maji, mwingine sukari. Mmoja hupita kwa mwenzake siku ya mshahara, wakatembea pamoja hadi nyumbani, ili fedha zifike kwa mama watoto kabla hazijafika mahali pengine. Matanga ndiyo mtihani wetu mkubwa. Mnajua wenyewe jinsi kikombe kinavyozunguka usiku wa matanga, na jinsi anayekikataa anavyoonekana kama anayemkataa marehemu. Kwa hiyo hakuna anayekwenda matangani peke yake. Tunakwenda wawili, tunaketi bega kwa bega, na kikombe kikifika kwetu kinapita mbele ya watu wawili badala ya mmoja. Ni ajabu jinsi kikombe kinavyopungua uzito.

Tulikosea pia, na kosa moja nusura limuue mtu. Alitujia mwanaume aliyekuwa akinywa kanyanga tangu asubuhi kila siku, akasema ameacha tangu jana. Tulifurahi. Jioni alianza kutetemeka na kutokwa jasho. Tukasema ni vita vya roho, tukakesha naye tukisali. Muuguzi wetu alikuwa safarini Bukavu. Usiku wa pili mtu yule alishikwa na degedege, akajing'ata ulimi, na tukambeba kati ya dereva na mmoja wetu juu ya pikipiki hadi hospitalini, ambako walimwokoa. Muuguzi aliporudi alitukaripia kwa haki. Aliyezoea pombe nyingi kila siku akiikata ghafla, mtetemeko huweza kuanza ndani ya saa chache, degedege katika siku mbili za kwanza, na kuweweseka siku ya pili au ya tatu, na huko anaweza kufa. Sala haikatazwi, alisema, lakini isaliwe njiani kwenda kwa daktari. Tangu siku ile, swali la kwanza kwa mtu mpya si habari ya imani yake. Ni hili: unakunywa kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini?

Sasa habari ya ufunguo, ambayo ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Ufunguo tulimkabidhi mvuvi mmoja. Wavuvi wa ndagala hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawakusanyiki chini ya taa, na mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Siku hizo za mwezi ndizo zilizokuwa za kulewa kwake: hana kazi, ana fedha za giza lililopita, na rafiki zake wote wako pwani wakiwa katika hali hiyohiyo. Mzee alimpa ufunguo, akamwambia kwamba mwezi ukiwa mpevu aje kila jioni, hata isipokuwa Alhamisi, afungue, afagie, apashe maji, kwa kuwa huenda akatokea mtu. Mara nyingine mtu alitokea. Mvuvi alikaa hivyo zaidi ya mwaka mmoja bila kugusa pombe, na mkewe alianza kutusalimia barabarani, jambo ambalo hakuwa amelifanya kamwe.

Tukaridhika. Muda wa kumbadilisha ulipofika hakuna aliyetaka ule usumbufu wa kuwahi na kufunga, kwa hiyo tukasema kwamba yeye anafaa kuliko sisi. Tukamwita nguzo. Leo tunaona kwamba tulimwita hivyo ili tupate cha kuegemea. Katika mikutano kila mtu husema hali yake. Yeye alikuwa akimimina chai wakati wa zamu yake, tukamruka. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mtu aliyeshika birika haonekani kama mtu wa kuulizwa habari zake.

Aprili na Mei 2024 maji ya ziwa yalipanda, yakaingia katika nyumba za pwani. Ninyi mliokuwa Uvira mnakumbuka jinsi watu walivyobeba magodoro kichwani, wengine kwa mara ya pili, baada ya mafuriko ya Mulongwe ya Aprili 2020. Nyumba ya mvuvi wetu ilijaa maji hadi madirishani. Aliihamishia familia yake katika chumba kimoja kwa wakwe zake. Alituambia habari hiyo akiwa amesimama, akigawa vikombe, na sisi tukasema pole, tukapokea vikombe.

Mwezi wa Julai vijana wa parokia walikuwa katika mazoezi ya sikukuu kubwa. Tarehe 18 Agosti wangetangazwa wenyeheri, hapa Uvira, wale wamisionari watatu wa Xaveri, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na padri wetu Mkongomani Albert Joubert, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Ngoma zote zilitolewa chumbani zikazwe ngozi. Nyuma ya ngoma kubwa zilikutwa chupa tatu za kanyanga, tupu, zimefungwa ndani ya gunia.

Lawama ikawaangukia vijana wawili wapiga ngoma, kwa sababu ndio waliokuwa wa mwisho kutoka siku za Dominika, na kwa sababu walikuwa na umri ambao watu wazima huutilia shaka kwa urahisi. Hatutasema ni nani aliyeamua. Watu wazima waliamua, tena kwa haraka. Wakaondolewa katika mazoezi.

Sisi tulijua. Hilo ndilo tunalotaka mlisome bila kupambwa. Alhamisi ile tuliketi katika chumba kilekile, na mvuvi akatumiminia chai huku akitafuna tangawizi, na hakuna mlevi wa zamani asiyejua tangawizi inatafunwa kwa nini. Chumba chenye kufuli ambacho tulimpa kiwe kimbilio lake kilikuwa kimekuwa mahali pa kunywea pasipoonekana na mke wala wakwe. Tulitazamana, tukanywa chai. Alhamisi ya pili vilevile. Na ya tatu. Kila mmoja alikuwa na sababu yake: tungenyang'anywa chumba, parokia ingetucheka, mtu yule angejiua kwa aibu. Sababu tuliyoipenda zaidi ilikuwa nzuri kuliko zote, kwamba majina hayatoki nje ya mlango. Desturi iliyowekwa ili kumlinda mnyonge asichekwe, tuliigeuza pazia, na nyuma yake tukawaacha watoto wawili wabebe chupa zisizo zao. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kwamba wakati mwingine huumbuka jirani yake kwanza.

Alhamisi ya nne, mdogo wetu wa pikipiki alikataa kuketi. Nyumbani kwao ni jirani na mmoja wa wale vijana. Alisimama mlangoni, kofia ya pikipiki mkononi, akasema hivi, na tunayaandika maneno yake jinsi tunavyoyakumbuka: "Wazee wangu, mimi nilikuja hapa kwa sababu mlisema ni mahali pa kusema ukweli. Kama si mahali hapo tena, niambieni leo, maana mahali pa kunywa ninapajua." Kulikuwa kimya kirefu. Kisha mvuvi aliinama, akavua kamba nyekundu aliyoivaa shingoni, akauweka ufunguo juu ya benchi. Akasema, "Zilikuwa zangu."

Hatua ya tisa hutaka mtu awaendee wale aliowakosea na kutengeneza alichoharibu, isipokuwa kama kwa kufanya hivyo atawaumiza zaidi. Tulikuwa tukiisoma kama habari ya watu wengine. Kesho yake jioni mvuvi alikwenda kwa wazazi wa vijana wale wawili, na wawili kati yetu tukafuatana naye, kwa kuwa deni lilikuwa letu pia. Katika nyumba ya kwanza mama alitupa viti na maji kabla hatujasema neno, na baada ya kusema akalia. Katika nyumba ya pili baba hakutupa viti. Alitusikiliza wote tukiwa tumesimama, akamwambia mvuvi kwamba yeye angalau alikuwa mlevi, kisha akatugeukia sisi wengine akauliza, "Na ninyi mlikuwa nini?" Hatukuwa na jibu, na hata leo hatuna.

Tulikwenda pia mbele ya baraza la parokia, tukaeleza siyo tu chupa zilikuwa za nani, bali tangu lini tulijua. Tulinyimwa chumba kwa mwezi mmoja, nasi tukakutana chini ya mwembe. Tuliona ni haki. Mvua haikunyesha, ilikuwa kiangazi, kwa hiyo hatuwezi hata kujisifu kwamba tuliteseka.

Kijana mmoja alirudi kwenye ngoma yake, akapiga siku ya sikukuu. Wa pili hakurudi. Siku hizi anauza vocha za simu kando ya barabara, anatusalimia kwa heshima zote, na tukimwuliza habari ya ngoma hubadilisha mazungumzo. Tulimwendea mara mbili. Hatua ya tisa haikuahidi kwamba uliyemkosea atakubali kutengenezewa.

Kisha tukabaki na ufunguo juu ya benchi, na hapo ndipo tulipogombana hasa. Mwalimu alisema mvuvi asipewe tena kazi yoyote kwa mwaka mzima, kwa kuwa huduma ni heshima, na heshima huvunjwa. Mama wa kasiksi akasema kinyume kabisa: kumnyima mlevi kazi ni kumrudisha pwani usiku wa mwezi, na kama ni hivyo afadhali tumnunulie chupa sisi wenyewe. Mzee alinyamaza muda mrefu, kisha akakiri kwamba kosa la kwanza lilikuwa lake. Kule Nairobi alikojifunza, hakuna anayeachiwa kazi moja siku zote. Kila baada ya muda huipisha kwa mwingine, na anayeongoza leo kesho anaosha vikombe. Yeye alisahau sehemu hiyo, nasi hatukuuliza kwa kuwa ilitufaa.

Tulikuwa tumeamini kwamba huduma humlinda mtu. Leo tungesema kwa uangalifu zaidi. Huduma humlinda yule ambaye kuna mtu anayemtazama akihudumu na kumwuliza, "Na wewe, ndugu, umelalaje?" Pasipo swali hilo, kazi njema inaweza kuwa maficho kuliko chaka lolote, kwa sababu hakuna anayekwenda kumtafuta mtu pale. Tulikuwa tumezoea kuisoma Injili ya Yohane, pale Bwana alipojifunga kitambaa, kama agizo la kuosha miguu ya wengine. Hatukuwa tumemsikia vizuri Petro, ambaye shida yake siku ile ilikuwa kukubali kuoshwa. Mvuvi alituosha miguu kwa karibu miaka miwili, na hakuna aliyeuliza habari ya miguu yake.

Basi sasa ufunguo hukaa kwa mtu miezi sita, si zaidi, hata awe malaika. Wa pili uko kwa kiongozi wa vijana, na tunafungua tukiwa wawili. Anayemimina chai huanza kusema yeye, kabla ya kushika birika. Mvuvi alipewa maji: mabidoni mawili kila Alhamisi, na kila jioni ya mwezi mpevu hupita nyumbani kwa mzee, si chumbani. Mwalimu bado anaona tulikuwa wepesi mno. Labda ana haki. Mvuvi mwenyewe husema hivyo. Alianguka tena mara moja, mwezi wa Desemba mwaka uleule, siku mbili, na siku ya tatu alikuja mwenyewe kutuambia, na maji alikuwa ameleta.

Mnatuuliza ninyi vijana mnaweza kufanya nini. Hatuwaiti kuja kutulinda; ninyi mna masomo, na sisi ni wakubwa. Lakini matangani, kijana anayegawa vinywaji akimletea mtu maji au sodi bila kumwuliza sababu mbele ya watu, amefanya kazi ya undugu wetu bila kujua. Mkimwona mzee akiyumba barabarani na wenzenu wanamwigiza, kumbukeni kwamba huenda Alhamisi ndiyo siku aliyokuwa amepanga kuja. Na kama kati yenu yuko ambaye kikombe kimeanza kumpangia siku yake, mlango ni ule nyuma ya kanisa. Hutaulizwa jina. Utapewa kazi, na utakasirika kidogo.

Alhamisi iliyopita mwenye ufunguo alikuwa Kalundu na gari likamchelewesha. Tulisimama nje, kivuli cha mlima kikiwa kimeshapita kanisa na kuelekea majini. Mvuvi alikuwa amefika wa kwanza, kama kawaida yake. Aliyatua mabidoni, akaketi juu ya moja, akangoja pamoja nasi. Mtu mpya, ambaye hakujua habari hizi, akamwuliza kwa nini haingii, kwani anaonekana mwenyeji. Akajibu kwamba ufunguo hauko kwake.

Baada ya kitambo alikuja yule kijana aliyerudi kwenye ngoma, ametumwa na kiongozi wake, ngoma moja begani na nyingine mkononi, ufunguo ukining'inia kwenye kidole kwa ile kamba nyekundu. Alitutazama wote, akamsogelea mvuvi, akamnyoshea kile kidole. "Papa, nifungulie, mikono yangu imejaa." Mvuvi akainuka, akafungua. Kabla ya kuchukua mabidoni yake aliirudisha kamba kwenye kidole cha kijana, akaivuta kidogo kuhakikisha kwamba haitadondoka.